Tuulize Anaumwa Nini

  Nawasalimu nyote mlio karibu na redio: wa hapa Pasiansi, wa Kirumba na Nyamanoro, wavuvi mnaoteremsha dagaa Igombe asubuhi hii, madereva mlio njiani barabara ya Makongoro kuelekea uwanja wa ndege, na ndugu zetu wa visiwani, Ukerewe na Ukara. 

Leo tunazungumzia ugonjwa wa akili. Najua, tukitaja jambo hili baadhi yetu hupunguza sauti ya redio, hasa kama kuna wageni sebuleni. Mama, leo usipunguze. Waache na wageni wasikie, kwa sababu huenda nao wana mtu nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilipopiga hesabu ya mwaka 2019, lilikuta kwamba duniani, katika kila watu 8, mmoja anaishi na tatizo la akili la namna fulani. Hesabu watu wa nyumbani kwako, kisha hesabu wa nyumba ya jirani.

Nitarudia jambo moja mara nyingi, mnivumilie. Ndugu yetu anapobadilika, swali la kwanza tunalouliza ni hili: nani amemfanyia? Ninaomba tuulize jingine: anaumwa nini?

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 20 anabeba mizigo pale Mwaloni Kirumba. Mchapakazi, analipa chumba chake, na kila mwisho wa mwezi anamtumia mama yake hela kijijini Magu. Mwezi mmoja anaanza kukosa usingizi. Kisha anajitenga na wenzake, anasema wanamteta. Anaacha kuoga. Usiku anasikika akizungumza, lakini chumbani yuko peke yake. Siku moja anamrukia mwenzake sokoni kwa sababu, anavyosema, amemsikia akipanga kumuua.

Familia inakaa kikao, na swali linakuja: nani amemfanyia? Mmoja anakumbuka shangazi aliyegombea shamba. Mwingine anamtaja mpangaji wa chumba cha pili. Kijana anapelekwa kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, mbuzi anatoka. Anapelekwa kwa mwingine Sengerema, ng'ombe anauzwa. Anapelekwa kwenye maombi, analala huko wiki kadhaa. Mwaka unakatika. Shangazi hasalimiani tena na kaka yake, mpangaji amehama, zizi limebaki tupu, na kijana bado anazisikia zile sauti. Swali la nani limetupa maadui. Nafuu halijatupa.

Sasa tuulize: anaumwa nini? Kijana huyu ana dalili za ugonjwa ambao madaktari huuita skizofrenia. Mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini mambo ambayo hayapo na huwezi kumtoa kwenye imani hiyo kwa maneno, na mawazo yake hayashikani. Mara nyingi huanza katika umri huohuo, kati ya ujana na miaka ya 20 na kitu, wakati familia ndiyo kwanza imeanza kumtegemea. Ndiyo maana huonekana kama husuda ya mtu. Lakini ubongo ni kiungo cha mwili, nao huugua.

Na ugonjwa wa akili si huu mmoja tu. Upo ule ambao mtu huchangamka kupita kiasi kwa siku nyingi: halali na hachoki, anagawa hela, anasema yeye ni mkuu wa mkoa, kisha baada ya muda anaanguka kwenye huzuni nzito. Ipo hofu inayomshika mtu bila sababu, moyo unapiga kama anafukuzwa. Na ipo sonona. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu sonona imejaa mitaani kwetu na hatuioni.

Mwenye sonona haokoti makopo barabarani. Ni mama anayeuza dagaa, anaamka, anapanga fungu, anarudisha chenji. Lakini ndani hakuna ladha ya kitu. Ugali haushuki. Usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Anajiona hafai, mzigo kwa watoto wake. Akienda zahanati hasemi "nina huzuni". Anasema kichwa kinawaka moto, mgongo unauma, mwili hauna nguvu. Anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anapimwa UTI, anapewa vidonge, anarudi baada ya wiki mbili na maneno yaleyale. Wahudumu wa afya wenzangu mnaonisikiliza, mama akirudi mara ya tatu na vipimo ni safi, muulize analalaje na anajisikiaje moyoni. Kuuliza hakuna gharama ya kipimo.

Twende kwenye sababu. Ugonjwa wa akili unatoka wapi?

Sikilizeni habari hii ya kweli. Miaka 100 na zaidi iliyopita, hospitali za wagonjwa wa akili huko Ulaya zilikuwa na watu wengi, hasa wanaume wa makamo, waliokuwa wakijiona wafalme, kisha wanapooza, kisha wanakufa. Watu walisema mengi juu yao: dhambi, damu mbaya, laana. Mwaka 1913 watafiti wawili waliokuwa New York, Noguchi na Moore, walitazama bongo za wagonjwa hao waliokufa wakakuta kijidudu. Kilikuwa kijidudu cha kaswende. Ile kaswende iliyodhaniwa imepona miaka mingi nyuma ilikuwa imepanda kichwani. Kabla ya kupatikana penisilini, daktari mmoja wa Vienna, Wagner-Jauregg, aliwaambukiza wagonjwa hao malaria makusudi, ili homa kali iue kile kijidudu, na mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Nobel kwa hilo. Sisi wa kando ya ziwa, tunaoijua malaria, tunaweza kukisia hatari waliyoingizwa wale watu. Kisha penisilini ikafika katika miaka ya 1940, na wodi zile zikaanza kupungua. Hakuna mchawi aliyekamatwa. Kilichokamatwa ni kijidudu.

Natoa mfano huu kwa sababu hapa kwetu pia kuna wanaochanganyikiwa kwa ugonjwa wa mwili. Malaria inayopanda kichwani humfanya mtu aweweseke na kupigana na watu, na huyo akicheleweshwa usiku mmoja tu anaweza kufa. Virusi vya UKIMWI huweza kugusa ubongo. Sukari ikishuka sana, mtu huropoka. Mama aliyejifungua juzi anaweza kubadilika ghafla, akamwogopa mtoto wake mwenyewe. Huyo hajakataa mtoto wala hajarogwa na wifi, na anahitaji hospitali leo, asisubiri kesho. Kijana wa bodaboda aliyeanguka bila kofia anaweza kuamka akiwa na hasira na usahaulifu ambao hakuwa nao. Kwa hiyo mtu akichanganyikiwa ghafla, na hasa akiwa na homa, haraka hospitali. Narudia: ghafla na homa, haraka hospitali.

Urithi nao upo. Mzazi mmoja akiwa na skizofrenia, uwezekano wa mtoto kuipata unaongezeka, hufika takriban mmoja katika 10. Lakini igeuze hesabu hiyo: watoto 9 katika 10 hawapati. Basi msivunje uchumba wa watu kwa sababu eti baba wa binti aliwahi kuugua.

Vileo pia. Bangi kwa kijana mwenye udhaifu huo wa urithi tayari huweza kuufungulia ugonjwa mlango mapema. Gongo na pombe kali ni vivyo hivyo. Serikali ilipiga marufuku viroba vya pombe kali kuanzia Machi 1, mwaka 2017, na pale mialoni wengi tuliona tofauti, ingawa anayetaka kulewa bado hakosi njia. Na jambo moja watu hawalijui: mlevi wa kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona wadudu ukutani, hata kupata degedege. Huyo anahitaji kuachishwa chini ya macho ya mhudumu.

Kisha kuna maisha yenyewe. Sisi ni watu wa ziwa, na ziwa limetuchukulia watu. Mei 21, mwaka 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na makaburi ya waliokufa yapo Igoma hadi leo. Septemba 20, mwaka 2018, MV Nyerere ilipinduka pale Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Wapo walionusurika ambao hadi leo hawapandi chombo, au wakisikia honi ya meli jasho linawatoka, au usiku wanaamka wakipiga kelele za kuomba kamba. Wengi wa waliopita kwenye maafa hupona taratibu kwa kukaa na watu wao. Wachache hubaki wamenasa palepale. Huyo usimwambie "mbona wenzako wamesahau?" Anaumwa, na kuna tiba ya kuzungumza inayomsaidia mtu kulitazama tukio lile pole pole mpaka lisimtawale tena.

Na sasa, jambo linaloniuma kuliko yote. Wazee wetu, hasa akina bibi, wa Usukumani.

Ubongo wa mzee unaweza kuugua ugonjwa wa kusahau. Bibi anasahau jina la mjukuu. Anaweka chumvi kwenye chai. Usiku anatoka nje anamtafuta mama yake aliyekufa miaka 50 nyuma, anakutwa alfajiri amekaa uani kwa jirani, khanga imemdondoka, hajui amefikaje. Macho yake mekundu, kwa sababu maisha yake yote amepikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, na moshi umemla macho. Hapo ndipo swali la nani linapokuwa na panga mkononi. Mtoto wa jirani aliumwa wiki iliyopita, bibi amekutwa uani alfajiri, macho mekundu. Mnajua nini kimetokea katika vijiji vya Mwanza, Geita na Shinyanga kwa miaka mingi. Vikongwe wamekatwa mapanga vitandani mwao.

Wasikilizaji wangu, yule bibi alikuwa mgonjwa. Alikuwa anatafuta njia ya kurudi nyumbani. Mwenye mzee anayetangatanga, weka komeo juu ya mlango mahali asipofikia, mtu alale naye chumba kimoja, na nenda ukawaambie majirani na mwenyekiti wa mtaa mapema, kwa sauti, mchana: mama yetu ana ugonjwa wa kusahau, mkimkuta, mleteni nyumbani. Maneno hayo yanaweza kuokoa shingo ya mtu.

Tumesema ugonjwa ni nini, tumesema unatoka wapi. Sasa matibabu.

Wengi wetu tukisikia matibabu ya akili tunafikiria Mirembe, Dodoma, hospitali iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 wakati wa Waingereza. Jina hilo limegeuzwa tusi la watoto shuleni, na hofu yake inawafanya watu wafiche wagonjwa. Lakini mwaka 1980 nchi yetu ilianza kujaribu njia nyingine, kwanza Morogoro na Kilimanjaro: huduma ya akili iwafuate watu hadi kwenye zahanati zao. Leo kwa mtu wa Pasiansi safari haianzi Dodoma. Inaanza kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, na pale kilimani Bugando kuna idara ya magonjwa ya akili. Nenda na mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa, maana ndiye anayejua. Beba kila dawa anayotumia, na ya miti shamba pia, usiifiche. Kama hela ni tatizo, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo hospitalini, msigeuke nyuma getini.

Dawa zipo. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kutumia klopromazini, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Largactil, na kwa mara ya kwanza watu waliofungiwa miaka mingi walianza kutulia na kuzungumza na ndugu zao. Leo zipo za vidonge, zipo za sindano ya mara moja kwa mwezi kwa anayesahau au anayekataa vidonge. Dawa hizi hupunguza nguvu ya kemikali fulani ya ubongo, dopamini, na sauti zile hupungua, wakati mwingine hunyamaza kabisa.

Nisiwafiche: zina maudhi. Mtu anaweza kukakamaa shingo, kutetemeka mikono, kutokwa na mate, kunenepa, kusinzia. Familia ikiona hivyo husema dawa imemharibu, na dawa inatupwa. Usitupe. Rudi kliniki, dozi itapunguzwa, au atabadilishiwa, au ataongezewa dawa ya kuondoa ukakamavu. Dawa za sonona nazo zina jambo lake: huchukua wiki mbili hadi nne kabla mgonjwa hajaona nafuu. Wengi huacha siku ya kumi wakisema haifanyi kazi.

Na kosa kubwa kuliko yote ni kuacha dawa kwa sababu mtu amepona. Amerudi sokoni, anacheka, anakula. Mnasema sasa basi. Wasikilizaji, amepona kwa sababu anaimeza. Kwa sonona, daktari kwa kawaida hutaka aendelee miezi 9 hadi 12 baada ya kupata nafuu. Kwa mwenye kusikia sauti, angalau mwaka mzima baada ya nafuu, na wengine zaidi ya hapo. Kuacha ni kwa kauli ya daktari, tena pole pole. Hapo naomba tuelewane vizuri: kupata nafuu si ruhusa ya kuacha dawa.

Lakini dawa peke yake haitoshi. Mwaka 1954 daktari Mnigeria, Thomas Adeoye Lambo, alianza kitu pale Aro, Abeokuta. Badala ya kuwajaza wagonjwa wodini, aliwapangia nyumba katika vijiji vya jirani, kila mgonjwa na ndugu yake, wakipata matibabu hospitalini na kurudi kuishi na watu. Hata waganga wa jadi aliwashirikisha. Hapa kwetu pia, baada ya Uhuru, vilianzishwa vijiji ambamo wagonjwa wa akili walilima na kuishi na jamaa zao. Na huko Zimbabwe mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda, aliyekuwa hana vyumba wala wauguzi wa kutosha, aliwafundisha akina bibi wa mitaani namna ya kukaa benchi moja na mtu mwenye sonona, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Baadaye wagonjwa wao wakapimwa kwa utafiti makini, na nafuu kubwa ikaonekana. Najiuliza, hapa Pasiansi tuna bibi wangapi ambao tayari watu wote huwapelekea shida zao? Kinachokosekana ni mtu wa kuwafundisha.

Sina ugomvi na wafumu, wachungaji wala masheikh. Mtu akiombewa akapata moyo, nafurahi. Ninaomba mambo matatu tu. Msimwambie aache dawa za hospitali. Msimlazimishe mtu anayeumwa kufunga kula. Na msimfunge kamba. Nimehudumia watu wenye vidonda vya minyororo miguuni, vingine vimefika mfupani, na kidonda hicho hakijawahi kumtuliza mtu hata mmoja.

Kuhusu kujiua, nitasema wazi. Ukimwona ndugu yako anagawa vitu vyake, anasema bora asiwepo, muulize moja kwa moja: je, unafikiria kujiua? Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Mara nyingi kunampa pumzi. Usimwache peke yake, ondoa sumu ya pamba ndani ya nyumba au ifungie kwa kufuli, kisha mpeleke hospitali. Kanuni ya Adhabu yetu imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo huwafanya watu wajifiche. Wenzetu wa Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu yao ilisema kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Kwa maoni yangu nasi tufike huko, maana mtu aliyefikia hatua ile anahitaji muuguzi.

Wengi mmeuliza kwa simu: je, akipata nafuu anaweza kurudi kazini? Ndiyo, wengi hurudi. Kwa mvuvi aliyeanza dawa zinazosinzisha, asitoke na mtumbwi usiku kwanza. Aanze nchi kavu, ashone nyavu, aanike dagaa, apewe hela yake kama wengine. Akizoea dozi na daktari akiridhika, atarudi majini. Na mkimwita, mwiteni kwa jina lake alilopewa na wazazi.

Muda wetu umefika. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumzia kifafa, na kwa nini mtu aliyeanguka hatakiwi kutiwa kijiko mdomoni. Tumeni maswali yenu mapema.